Karamu Bila Samaki

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia hupiga marufuku uvuvi katika Ziwa Mweru ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nyavu hukunjwa, mitumbwi hupandishwa mchangani, na taa za wavuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wavuliwao usiku, huzimwa. Lakini arusi hazipigwi marufuku. Desemba ndio mwezi ambao shule zimefungwa na ndugu wamerudi likizo kutoka Lusaka na miji ya migodi. Basi mama wa Nchelenge au wa Kashikishi mwenye binti wa kuolewa hujikuta ana wageni ishirini au thelathini wa kulishwa, naye hana kitoweo ambacho watu wa ziwani wamezoea kukitazamia.

Hapo ndipo vishawishi huanza. Haikosi mtu wa kubisha hodi usiku na kikapu kilichofunikwa majani. Anayenunua kikapu hicho amenunua pamoja na mayai ambayo yangekuwa samaki wa mwaka ujao, na bei anayotozwa aghalabu ni ya kumkomoa. Iko njia nyingine ya kuwaheshimu wageni, nayo ni sinia la maharage lililopangwa kwa matabaka.

Asili ya chakula hiki ni jimbo la Texas huko Marekani, mahali ambapo mapishi ya Wameksiko na ya Wamarekani yamechanganyika kwa muda mrefu. Mapishi yake yalichapishwa katika gazeti la akina mama la huko mwaka 1981, na tangu hapo yamekuwa chakula cha kawaida cha karamu. Hupangwa tabaka la maharage yaliyopondwa, juu yake parachichi, kisha maziwa ya mtindi mzito, nyanya na pilipili, jibini, zeituni, na mwisho majani ya vitunguu. Wageni huchovya kwa vipande vikavu vya mahindi vilivyokaangwa. Mama wa Mweru asitishwe na ugeni wa jina. Maharage, nyanya, pilipili na parachichi vyote vilitoka pande hizo hizo za Meksiko kabla ya kuenea duniani. Muhogo nao asili yake ni Amerika ya Kusini, na hata hivyo Wareno walipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1798 waliukuta umekwisha kuwa chakula cha nchi. Kwa hiyo hapa havikutani vyakula vigeni, bali ndugu waliopotezana.

Vitu visivyopatikana kwa urahisi viachwe. Luapula si nchi ya ng'ombe wengi, wala hakuna sababu ya kutafuta jibini la bei kubwa. Mahali pa mtindi pawekwe karanga, ambazo kila jiko la huko linazijua kwa kuungia mboga, na mahali pa jibini pawekwe mayai ya kuchemsha. Kwa wageni ishirini yatosha maharage makavu kilo moja, karanga nusu kilo, maparachichi makubwa manane, nyanya kilo moja na nusu, vitunguu vinne, malimau sita, mayai kumi, na muhogo mbichi kilo tano.

Maharage yalowekwe usiku kucha. Asubuhi maji ya kulowekea yamwagwe, na maharage yapikwe katika maji mapya, yakitokota kwa nguvu dakika kumi za kwanza bila ya kupunguza moto. Maharage mekundu hasa yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi, na aliyekula ambayo hayajaiva hutapika kabla karamu haijakwisha. Yakilainika kabisa yapondwe kwa mwiko, kisha yakaangwe kwa mafuta kidogo na kitunguu mpaka yawe mazito kiasi cha kuacha alama ya kijiko. Yakiwa mepesi, matabaka ya juu yatazama na sinia lote litageuka kuwa uji.

Karanga zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu itupwe, kwani kukaanga hakuondoi sumu ya ukungu. Zikaangwe, zitwangwe laini, zilegezwe kwa maji ya moto na chumvi mpaka zipakike kama siagi. Maparachichi yapondwe dakika za mwisho tu pamoja na maji ya limau, la sivyo yatakuwa meusi. Kama msimu wake haujafika, na Desemba mara nyingi ndivyo ilivyo, majani ya viazi vitamu yaliyochemshwa na kukatwa laini yatakaa vizuri mahali pake.

Sasa kuhusu nyanya. Watu wa Texas huzikata mbichi. Katika mwambao wa Mweru wakati wa masika jambo hilo lisifanywe. Kipindupindu kimewahi kuzuka mara kwa mara katika vijiji vya ziwani, na mlipuko mkubwa ulioikumba Zambia kuanzia Oktoba 2023 uliua zaidi ya watu 700 nchini kote. Ugonjwa huu hupendelea sana sinia la karamu: maji yasiyochemshwa, mboga mbichi, mikono mingi. Kwa hiyo nyanya zipikwe pamoja na vitunguu na pilipili mpaka maji yakauke, kisha zipoe zikiwa zimefunikwa. Ladha hubadilika kidogo, na wako watakaosema imekuwa bora zaidi. Majani ya vitunguu nayo yapitishwe katika maji yanayotokota, na maparachichi na malimau yaoshwe kwa maji yaliyotiwa klorini kabla kisu hakijaingia.

Kadhalika sinia moja lisizungukwe na watu wote wakichovya na kulamba na kuchovya tena. Mpishi mwenye busara hupanga matabaka katika bakuli ndogo ndogo, au humweka binti mmoja mwenye mikono safi awapakulie wageni kwa kijiko kirefu kinachofika mpaka chini, kila mtu apate sehemu yake ya kila tabaka. Ndoo yenye bomba na sabuni iwekwe mlangoni, mahali ambapo mgeni hawezi kuipita bila ya kuiona.

Muhogo wa kuchovyea uwe ule mtamu uliwao mbichi. Muhogo mchungu, ambao ndio mwingi katika mashamba ya Luapula, hulowekwa siku kadhaa na kuanikwa kabla ya kuwa unga. Kuukata na kuutia katika mafuta ni kuwapa wageni sumu. Asiyeijua mbegu ya shamba lake amwulize aliyeipanda. Ukatwe vipande vyembamba kama sarafu, ukaushwe kwa kitambaa, ukaangwe katika mafuta mengi.

Chakula hiki chaweza kuwafaa walaji wa namna mbili Nchelenge. Wenyeji waweza kukila kama kitafunio kabla ya ubwali. Wakongomani, ambao wengi wao waliingia kuanzia mwaka 2017 wakikimbia vita na kupewa makazi Mantapala, huzungumza Kiswahili na wamezoea kula maharage na sombe katika sinia moja; kwao tabaka la majani kati ya maharage na karanga si jambo la kushangaza. Arusi za siku hizi huwakutanisha wote.

Hata hivyo mahali pake ni kicheni pati, si icilanga mulilo. Katika sherehe hiyo ya pili ukoo wa binti hupeleka vyungu kwa mume mtarajiwa, na kila chungu kina maneno yake ambayo banachimbusa, yaani makungwi wa Kibemba, huyafafanua mbele ya watu. Kuingiza sinia la Texas kati ya vyungu hivyo ni sawa na kupiga mluzi wakati wa dua. Kwa shughuli hiyo familia hutakiwa kuweka akiba ya samaki mkavu tangu Novemba, uvuvi ukiwa bado halali.

Matabaka yapangwe wageni wakiwa wamekwisha kuketi, wala yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Siku ya joto kali, saa moja. Maharage na nyanya zilizobaki jikoni, ambazo hazijapangwa, zaweza kuchemshwa tena jioni kwa wale wanaobaki kuosha vyombo. Kilichokwisha kuchovywa kitupwe.