Ampli Kubwa: Tuangalie Nini?

Siku ya sherehe nyumbani tunafungua ampli ndogo hadi mwisho. Muziki unakwaruza, kisha spika inaungua. Kabla ya kutoa pesa ya likelemba tununue ampli kubwa, tusome nyuma ya spika: wati ngapi, omu ngapi? Spika ya omu 4 haifai kwa ampli inayokubali omu 8 tu. Ampli itapata moto kupita kiasi. Tena tusidanganyike na hesabu: kutoka wati 50 hadi 100 sauti inapanda kidogo, desibeli 3 tu. Ili masikio yasikie kama mara mbili, zinatakiwa karibu wati 500. Tujaribu kwanza kusogeza spika karibu na wageni. Hiyo hailipishwi, na pesa ya shule ya watoto inabaki salama.