Maganda ya alizeti na maji ya rangi: tusiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kuna stori inayozunguka sana kwa vijana wanaotafuta mradi: eti chukua mabaki ya mazao, yachome yawe mkaa, pitisha maji machafu ya rangi, yanatoka meupe. Wataalamu wanauita mkaa huo bayocha. Kwa sisi wa Singida, mkoa wa alizeti, hii inasikika kama zali la mentali. Sasa tuichambue taratibu, maana kuna ukweli mwingi na kuna mtego.

Kwanza ukweli. Mabaki ya mimea yakichomwa kwenye chombo kilichofungwa, hewa kidogo sana, joto kati ya nyuzi 400 na 700 hivi, hayawi majivu. Yanakuwa mkaa wenye vitundu vidogo kibao usivyoviona kwa macho. Rangi iliyoyeyuka kwenye maji inanasa humo. Mkaa huu una nafasi nyingi sana ya kunasia ukilinganisha na uzito wake.

Lakini si kila rangi inanasa sawasawa. Rangi inayopendwa maabara kwa majaribio ni methilini bluu, ambayo ina chaji chanya. Mkaa mwingi wa mimea una chaji hasi, kwa hiyo hapo ni kama sumaku. Rangi nyingi za kiwandani za vitambaa vya pamba zina chaji hasi, na hizo zinagoma mpaka mkaa uongezewe nguvu, kwa mvuke au kwa kemikali. Kwa hiyo ukioneshwa video ya maji ya bluu yakigeuka meupe, uliza: hiyo ni rangi gani?

Pili, malighafi. Maganda ni kama asilimia 20 hadi 30 ya uzito wa mbegu ya alizeti. Mashine ikikoboa tani 1, unapata kilo 200 hadi 300 za maganda, na ukiyachoma vizuri unabaki na mkaa wa kilo 60 hadi 90 hivi. Si haba. Tatizo, mashine nyingi ndogo za mtaani zinakamua mbegu na ganda lake, ganda linaishia kwenye mashudu, na mashudu yana soko lake la chakula cha mifugo. Kilichobaki bure ni mabua na vichwa shambani, navyo vinatakiwa kukusanywa na kubebwa. Mafuta ya gari ni hela yako, mdau.

Tatu, maji yenyewe yako wapi? Viwanda vikubwa vya nguo haviko kwetu, viko Dar, Morogoro, Mwanza na Arusha. Mto Msimbazi pale Dar umelalamikiwa miaka mingi kwa maji taka ya viwanda, vya nguo vikiwemo. Kwetu rangi ni ya mikono: batiki, mikeka, vikapu. Ni kidogo, lakini tusijidanganye. Sehemu kubwa ya mkoa wetu ipo kwenye Bonde la Kati, ambalo maji yake hayafiki baharini. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai hayana pa kutokea. Ukimwaga uchafu huku, unabaki huku huku.

Halafu mtego mkubwa uko hapa: maji meupe si maji salama. Maji ya batiki yana kostiki soda na chumvi, na mkaa hauondoi hivyo. Na kuna hili la floraidi. Visima kadhaa vya Singida vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana unaona watu wenye meno ya kahawia. Mkaa wa kawaida wa mimea hauisaidii floraidi kitu cha maana. Unaofanya kazi hiyo ni mkaa wa mifupa, kwa sababu ya madini ya kalsiamu yaliyomo, na kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimeufanyia kazi miaka mingi. Kwa hiyo akija mtu kijijini na ndoo ya mkaa wa alizeti akisema "kunyweni", huyo anacheza na afya za watoto.

Na mkaa ukishashiba rangi unautupa wapi? Rangi haijafa, imehamia tu kwenye mkaa. Ukiumwaga shambani umezunguka palepale.

Msimamo wangu: mradi unawezekana, ila uanze na maji ya kutupa, usianze na ya kunywa. Vikundi vya batiki vichimbe shimo moja la pamoja la kuchujia, wenye mashine za kukoboa watoe maganda, maji yapimwe kabla na baada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, na ofisi ya Bonde la Kati iko hapa hapa Singida mjini. Vijana tuanzie kwao na chupa mbili za sampuli mkononi, badala ya kuanzia kwenye semina.

Haya wadau, hasa mliopo Iramba, Mkalama na Ikungi: kwenu maganda yanaenda wapi? Tupeni maoni hapo chini. Nawasilisha.