Jedwali Halianzi Ubaoni

Wanachuo wengi waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hudhani kuwa somo la majedwali huanza kwa kupiga mistari. Mwalimu huchora safu tatu, akaziandikia vichwa, kisha akawataka watoto wazijaze. Watoto huzijaza, na ubao hupendeza. Lakini kazi iliyo ngumu, nayo ndiyo yenye elimu, imekwisha kufanywa na mwalimu peke yake usiku wa kuamkia somo.

Niliketi nyuma ya darasa la namna hiyo katika skuli moja ya jirani na hapa Mtambile, wakati wa msimu wa karafuu. Mwanachuo alikuja na kishada kibichi, jambo la kusifiwa. Chini ya kichwa "Aina" aliandika: karafuu, makonyo, tunda. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kikonyo nacho ni aina ya karafuu?" Akajibiwa ajaze tu.

Swali lile lilistahili kipindi kizima. Karafuu tuijuayo ni ua la mkarafuu lililochumwa kabla ya kufunguka. Kikonyo si aina ya ua hilo. Ni kijiti kilichobeba maua, yaani ni sehemu ya kishada. Na tunda si aina wala si sehemu. Ni ua lile lile lililoachwa mtini hata likapita wakati wake. Basi safu moja imebeba mahusiano matatu yasiyofanana: kuwa aina ya kitu, kuwa sehemu ya kitu, na kuwa hali ya kitu kwa wakati fulani. Mtoto wa Pemba aliyekwisha kuchambua karafuu jamvini na nyanya yake anazijua tofauti hizi kwa vidole. Kilichobaki ni kumpa maneno.

Baada ya hapo ndipo zije ngazi. Karafuu hii iliyo kiganjani ina harufu na uzito wake. Nikisema "karafuu" tu, nimekwisha kuiacha hii na kuzishika zote. Nikisema "zao la biashara", nimeziweka pamoja na mwani na mbata. Harufu imekwenda, mti umekwenda, hata tofauti ya shamba na bahari imekwenda, na kilichosalia ni kuwa vyote huuzwa. Kila ngazi tupandayo hutuonyesha mbali zaidi na hutudai kitu. Aghalabu walimu husifu kupanda, wasitaje kilichoachwa chini.

Hata hivyo tusimlaumu mwanachuo kupita kiasi. Katika daftari la Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, karafuu kavu hununuliwa kwa madaraja, na makonyo hununuliwa mbali, yakapelekwa kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Kwa mnunuzi, basi, hizo ni aina mbili za bidhaa, na jedwali lake ni sahihi. La mwalimu wa sayansi nalo ni sahihi, ingawa halifanani nalo. Kosa ni kuchora safu kabla ya kuuliza jedwali ni la kazi gani.

Mabingwa wa kompyuta waliyafikia mambo haya kwa njia yao. Edgar Codd alieleza mwaka 1970 jinsi ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana, na mwaka 1977 John na Diane Smith walitenga wazi kukusanya aina chini ya jina moja na kuunganisha sehemu kuwa kitu kimoja. Hayo yanatosha kwa leo; mtoto hahitaji mashine ili ayaelewe.

Ninalolihofia zaidi ni daftari la mahudhurio, jedwali ambalo kila mmoja wenu atalishika kila asubuhi. Lina alama ya aliyepo na ya asiyekuwapo. Mtoto aliye juu ya mkarafuu, mwenye homa, na aliyekwisha kuacha skuli, wote hupata alama moja. Alama zikijumlishwa na kupelekwa wilayani, kisha wizarani, hakuna mtu huko juu awezaye kuwatenganisha tena, hata akiwa na nia njema na mashine bora. Kilichotupwa katika ngazi ya chini hakiokotwi katika ngazi ya juu. Naona yafaa mwalimu aongeze safu ya sababu kwa mkono wake, hata kama hakuagizwa.

Nitaambiwa kuwa muhtasari ni mrefu na vipindi ni vifupi. Ni kweli. Mwanachuo yule alirudi darasani siku ya pili, akakiweka kishada mezani bila ya kushika chaki, akawaacha watoto wabishane. Kengele ilipolia, walikuwa wamekubaliana safu moja tu, na wawili walikuwa bado wanaipinga.