Swali Lililokwisha Kujijibu



Wapendwa wanaparokia, juma hili hatuna budi kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miezi kadhaa iliyopita tuligawa fomu ya maoni juu ya saa ya Misa ya kwanza ya Dominika. Swali liliandikwa hivi: “Je, unakubali kwamba Misa ya kwanza ianze saa 1:00 asubuhi badala ya saa 12:00, ili waamini wapate nafasi ya kujiandaa vema?” Chini yake palikuwa na visanduku vinne vya kuweka alama ya vema: nakubali kabisa, nakubali, nakubali, ila kuanzia mwaka ujao, sina maoni. Fomu zikarudi, zikahesabiwa, nasi tukatangaza kwa furaha kwamba parokia imeamua.

Baada ya Dominika chache mzee mmoja alitusubiri nje ya sakristia. “Baba Paroko,” alisema kwa upole, “nilitafuta mahali pa kusema hapana, sikupaona. Kurudisha karatasi tupu nikaona ni utovu wa adabu. Basi nikaweka alama kwenye nakubali.”

Hatukuwa na la kumjibu. Fomu ile tuliitunga sisi, na tulipoitunga tulikuwa tumekwisha kuamua mioyoni mwetu. Tulichokuwa tukikitafuta ni sahihi za waamini, wala si maoni yao.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanamwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi: yeye au wazazi wake? Visanduku viwili tu. Mara nyingi tumehubiri juu ya muujiza unaofuata tukalipita swali hilo, kumbe Bwana alianza kwa kuyakataa majibu yote mawili. Lakini yeye alikuwa Mwalimu, naye aliweza kuwarudishia swali lao. Mwamini aliyepewa kalamu na karatasi mlangoni mwa kanisa, nyuma yake watu wamepanga mstari, atamrudishia nani?

Tena lipo hilo neno “unakubali”. Serikali ya Uskoti ilipoandaa kura ya maoni juu ya uhuru wa nchi hiyo, ilipendekeza wananchi waulizwe kama wanakubali kwamba Uskoti iwe nchi huru. Tume ya uchaguzi ya Uingereza ililipima swali hilo kwa wananchi wa kawaida, na Januari 2013 ikashauri neno hilo liondolewe, kwa kuwa linamsukuma mtu kuelekea upande wa ndiyo. Serikali ikaridhia. Tarehe 18 Septemba 2014 watu wakaulizwa tu kama Uskoti iwe nchi huru, ndiyo au hapana. Ikiwa neno moja lilionekana kuwa na uzito kiasi hicho huko, kwetu lina uzito maradufu. Sisi tumelelewa kutompinga mkubwa usoni pake. Padre akiuliza, jibu la heshima ni “ndiyo, Baba”, na jibu la kweli litasikika njiani kurudi nyumbani. Hivyo fomu inayotoka ofisi ya parokia, ikiwa na muhuri wake juu, imekwisha kuegemea upande mmoja hata kabla halijaandikwa neno. Nasi tukaongeza “unakubali”, kisha “ili”, tukampa msomaji na sababu ya kukubali!

Lililotuuma zaidi ni jingine. Fomu tuliigawa baada ya Misa ya pili, kwa kuwa ndipo kanisa linapojaa. Lakini wenye kuihitaji Misa ya saa 12:00 hawapo saa hiyo. Ni mabinti wanaofanya kazi za nyumbani, ambao hurejea upesi kabla wenye nyumba hawajatoka. Ni mama lishe, na wauguzi wanaoingia zamu ya asubuhi. Hao hawakuulizwa. Mabinti wawili watatu tuliozoea kuwaona kwenye benchi la nyuma hatuwaoni tena.

Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi zaidi ya milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na kwa hesabu hiyo likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, mali ambazo maskini wengi wa miaka ile hawakuwa nazo. Tena wengi wa walioulizwa hawakujibu kabisa. Mwaka huo huo George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko jarida hilo ila akawachagua kwa uangalifu, alimtaja mshindi sawasawa. Nasi tulijivunia wingi wa karatasi!

Hatusemi kwamba fomu za kuchagua jibu ni mbaya. Kwa asiyezoea kuandika ni msaada mkubwa, na katibu wetu huzihesabu kwa jioni moja. Wengine wametushauri tuachane nazo, tuamue tu, kwani ndivyo ilivyokuwa zamani. Yamkini hilo lingekuwa na unyofu zaidi kuliko tulilofanya. Lakini tukiuliza, tuulize.

Basi, wiki hii fomu mpya zitapitia jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba. Swali ni fupi: Misa ya kwanza ianze saa ngapi? Ipo saa 12:00, ipo saa 1:00, na upo mstari mtupu wa kuandika saa nyingine au neno lolote. Jina halihitajiki. Viongozi wa jumuiya tunawaomba wasiishie kumwuliza mwenye nyumba sebuleni. Wamwulize pia binti aliyeko jikoni, na wampe karatasi yake mwenyewe. Zitahesabiwa Jumamosi saa 10:00 jioni ukumbini, mbele ya yeyote atakayependa kuja. Mzee wetu wa sakristia ameahidi kuwepo.