Marekani bakshishi si asante, ni mshahara

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba hapa kwa kawaida tunazungumzia programu, simu na mambo ya mtandao. Leo naomba tuingie hotelini, tuketi mezani, tuitishe chakula. Msiwe na wasiwasi, tarakilishi itaingia tu. Siku hizi haikosi mahali.

Kila baada ya muda kuna mtu ninayemjua anayesafiri kwenda Marekani: mkutano wa waprogramu, masomo, kazi ya miezi mitatu. Akirudi, lalamiko lake la kwanza si baridi wala foleni ya uhamiaji. Ni bakshishi. Mmoja aliniambia, "Wale watu ni ombaomba wa kisasa. Unanunua kahawa, unasimama mwenyewe, unaibeba mwenyewe, halafu mashine inakuuliza utaongeza asilimia ngapi!" Mwingine alijigamba kwamba alikaa Dallas wiki mbili, akila mezani kila jioni, na hakuacha hata senti moja. "Nililipa bei iliyoandikwa," akasema, kama mtu aliyeshinda kesi.

Maoni yangu ni haya: wa kwanza ana haki ya kulalamika. Wa pili alikula jasho la watu. Tunashindwa kuwatofautisha kwa sababu mambo mawili yasiyofanana yamepewa jina moja.

Neno moja, vitu viwili

Bakshishi ni neno lenye asili ya Kiajemi, na maana yake haijabadilika sana tangu litufikie: kitu unachompa mtu kwa hiari, juu ya haki yake. Mjini tunasema tipu, au chai, ingawa hilo la chai polisi wa trafiki wamelichafua. Ukimaliza nyama choma Nairobi unamwachia weita shilingi hamsini au mia, au unamtumia kwa M-Pesa. Hakuna anayetoa kikokotoo kutafuta asilimia. Usipoacha kitu, weita atanuna kidogo, basi. Kima cha chini cha mshahara kwetu hutangazwa na serikali, na zawadi ya mteja haimo katika hesabu hiyo. Na bei unayoiona kwenye menyu kwa kawaida ndiyo utakayolipa, ushuru ukiwa ndani tayari.

Kwa hivyo Mkenya anapofika Marekani akasikia neno "tip", anabeba maana ya huku na kuipeleka kule. Anadhani anaombwa zawadi. Kumbe pale mezani haombwi zawadi. Anaombwa amalizie kumlipa mfanyakazi.

Namba iliyogandishwa

Sheria ya kitaifa ya Marekani inaweka kima cha chini cha mshahara kuwa dola 7.25 kwa saa, na namba hiyo haijasogea tangu 2009. Lakini kuna mlango wa nyuma uliofunguliwa mwaka 1966: mwajiri wa mfanyakazi anayepokea bakshishi anaruhusiwa kumlipa pungufu, na bakshishi za wateja zihesabiwe kama sehemu ya mshahara. Kiasi ambacho mwajiri mwenyewe lazima atoe ni dola 2.13 kwa saa. Zile dola 5.12 zilizobaki zinatoka kwako wewe uliyeagiza kuku.

Waprogramu wenzangu, angalieni ile 2.13 ilivyozaliwa. Mwaka 1991 kima cha chini kilikuwa dola 4.25, na kanuni ilisema mwajiri atoe nusu. Nusu ya 4.25 ni 2.13 ukikadiria. Hiyo ilikuwa fomula: kima kikipanda, nusu yake nayo inapanda. Mwaka 1996 Bunge lao likapandisha kima cha chini, lakini kwa sheria hiyo hiyo likaifuta fomula na kuacha namba ile ile, 2.13, mahali pake. Yaani kitu kilichokuwa kinakokotolewa kikaandikwa kwa mkono ndani ya msimbo. Tangu 1991 ni zaidi ya miaka thelathini na namba haijaguswa. Kila aliyewahi kurithi programu ya mtu mwingine anaijua hitilafu ya namna hii. Tofauti ni kwamba hii si hitilafu. Ilikusudiwa.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta jambo baya zaidi. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, kampuni ya mabehewa ya kulala ya George Pullman iliajiri watu weusi waliotoka utumwani kuwa wahudumu wa treni. Mishahara yao ilikuwa midogo sana, na walitegemea bakshishi za abiria kuishi. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph, na ilikuwa 1937 ndipo kampuni ikatia sahihi mkataba nao. Wakati huo huo, wapo Wamarekani walioiona bakshishi kuwa aibu kwa taifa lisilotaka mabwana na watwana. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909 na majimbo mengine machache yakafuata. Kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Kwa hivyo anayekuambia kwamba "ni utamaduni wao tu" anakupa nusu ya habari. Ni utamaduni ambao waajiri waliupenda kwa sababu unapunguza gharama.

Hesabu ya yule wa Dallas

Tuchukue chakula cha dola 40 Dallas. Texas ni mojawapo ya majimbo yanayofuata ile 2.13. Kodi ya mauzo pale ni asilimia 8.25, na haimo kwenye menyu, kwa hivyo ongeza dola 3.30. Bakshishi ya asilimia 20 ni dola 8. Jumla dola 51.30. Bei ya menyu ilikuwa 40! Ndiyo, inaudhi. Hata mimi ingeniudhi.

Lakini tazama kinachotokea ukikataa zile dola 8. Mwenye hoteli amepoteza nini? Hakuna. Ameuza kuku wake kwa dola 40 kama alivyopanga. Sheria inamtaka afidie ikiwa bakshishi za wiki pamoja na 2.13 hazifiki 7.25 kwa saa, lakini wateja wengine walioacha wameshalifunika pengo lako, kwa hivyo yeye hatoi kitu. Mbaya zaidi, katika hoteli nyingi weita hugawana bakshishi na wanaofuta meza na wanaochanganya vinywaji, na mara nyingi mgao huo hupigwa kwa mauzo, si kwa pesa alizopata kweli. Maana yake, ukiondoka bila kuacha kitu, weita anaweza kutoa mfukoni kwa ajili ya meza yako. Unadhani umeupinga mfumo, kumbe umemkanyaga mtu wa chini kabisa ndani yake.

Najua kuna atakayesema: si majimbo yote yako hivyo. Kweli. California, Washington, Oregon, Nevada, Alaska, Montana na Minnesota hayaruhusu ule mlango wa nyuma. Weita wa huko hulipwa kima kamili cha jimbo lake kabla ya bakshishi. Hata hivyo asilimia wanazotarajia ni zile zile, kwa kuwa mazoea huvuka mpaka wa jimbo kuliko sheria. Mgeni wa wiki moja hana haja ya kubeba ramani ya sheria mezani. Ukihudumiwa mezani, acha asilimia 15 hadi 20 ya bei ya chakula, kisha ulalamike ukifika nyumbani.

Na kwa nini wenye hoteli wasiongeze tu bei na kumaliza maneno? Wapo waliojaribu. Danny Meyer, mwenye hoteli maarufu za New York, alianza kuiondoa bakshishi mwaka 2015 na kupandisha bei za menyu. Mwaka 2020 akairudisha. Hoteli moja ikiandika bei ya kweli huku jirani yake anaandika bei pungufu, macho ya mteja yanakimbilia kwa jirani. Jambo kama hilo halimalizwi na mtu mmoja mwema. Ufaransa lilimalizwa kwa kanuni: tangu 1987 bei ya menyu lazima iwe na huduma ndani yake, na sarafu unazoacha ni asante kweli. Japani ukiacha pesa mezani, usishangae mhudumu akikufuata barabarani akurudishie.

Sasa ile mashine

Turudi kwa rafiki wa kahawa. Yeye hakuketi, hakuhudumiwa mezani, alisimama kwenye kaunta. Zamani hapo palikuwa na chupa ya kutilia sarafu, ukitaka. Kisha zikaja tableti za kulipia, mtu anaigeuza skrini ikuelekee, na unaona vitufe: 18, 20, 25. "Hapana" nayo ipo, chini, kwa herufi ndogo za kijivu. Nyuma yako kuna watu watano kwenye foleni, mbele yako mhudumu anakutazama.

Hii ni kazi ya watu wa fani yetu. Mtu fulani alikaa akaamua vitufe viwe na namba gani, kipi kiwe kikubwa, kipi kijifiche. Tunaita chaguo-msingi, yaani lile ambalo mashine imeshakupendekezea kabla hujafikiri. Nguvu yake si ya kubahatisha. Kareem Haggag na Giovanni Paci walichapisha utafiti mwaka 2014 kuhusu teksi za New York, ambako skrini za kulipia zilikuwa na asilimia tofauti kutegemea mfumo uliofungwa kwenye gari. Skrini iliyopendekeza asilimia kubwa ilivuna bakshishi kubwa. Safari zile zile, abiria wale wale wa mjini, vitufe tofauti. Lakini waligundua pia kwamba asilimia zikiwa juu, waliokataa kutoa chochote kupitia mashine waliongezeka. Ukimsukuma mtu sana, anabonyeza sifuri.

Kuna na ujanja mwingine mdogo. Skrini au risiti nyingi hupiga asilimia juu ya jumla yenye kodi ndani. Ile 20 ya Dallas inakuwa dola 8.66 badala ya 8. Senti 66 si nyingi, lakini hakuna aliyekuuliza kama unataka kutoa bakshishi kwa kodi ya serikali.

Kwa hivyo kwenye kaunta, ambako mtu amekukabidhi kikombe tu, bonyeza "hapana" bila kuona haya. Ukipenda kutoa, toa, na hapo itakuwa bakshishi kwa maana yetu ya zamani. Wa kaunta kwa kawaida hulipwa angalau kima cha chini bila kukutegemea wewe. Unachokisikia kifuani pale si wajibu, ni kitufe.

Kwa ufupi, kwa anayesafiri

Kabla ya kuagiza, chukua bei ya menyu uiongeze karibu theluthi moja. Hiyo ndiyo bei. Kama huiwezi, kula mahali pa kaunta, si dhambi. Kabla ya kuongeza bakshishi, soma bili: kundi la watu sita au wanane mara nyingi huwekewa malipo ya huduma tayari, na skrini bado itakuuliza tena. Kama huduma ilikuwa mbovu, mwite msimamizi umwambie kwa mdomo. Na kama umetumwa na kampuni, waambie mapema waliokupangia posho ya chakula kwamba menyu za Marekani husema uongo wa theluthi.

Nasi huku nyumbani

Jambo linaloninyima usingizi ni hili. Lipa na M-Pesa haikuulizi asilimia. Unaandika kiasi mwenyewe, unaweka namba ya siri, umemaliza. Lakini siku yoyote mwenye mkahawa wa Westlands au Nyali atamwita mmoja wetu amtengenezee mfumo wa kulipia, na atasema, "Niwekee vile vitufe nilivyoviona Amerika." Ni mistari michache ya msimbo, kazi ya asubuhi moja. Mwanzoni weita atafurahi, maana pesa itaongezeka. Kisha itafika siku ya kuzungumzia mshahara, na mwenye mkahawa atafungua ripoti ile ile tuliyomtengenezea na kusema: "Mbona unapata vya kutosha?"

Mimi nikiitwa, nitamwambia aandike bei kamili kwenye menyu na amlipe weita kutoka humo. Akitaka nafasi ya bakshishi, nitaweka kisanduku kitupu ambacho mteja anaweza kukiruka, kisicho na namba iliyojazwa tayari, na pesa iende moja kwa moja kwenye simu ya aliyehudumu. Akikataa, atapata mprogramu mwingine, tupo wengi. Lakini nawaomba hao wengine mwulize swali moja kabla ya kuanza kazi: kitufe hiki kikishazoeleka, nani ataacha kulipa?

Haya, kahawa yangu imepoa. Tuonane wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ni programu tupu, naahidi.