Ngazi ya Nyumba Iwe na Mahali pa Kushika

SAFU YA BWANA SHAMBA



Wengine watauliza: Bwana Shamba ana kazi gani na ngazi za nyumba? Kazi yake si mbegu na mbolea? Jibu ni rahisi. Jembe halilimi peke yake. Linashikwa na mtu mwenye afya. Mama akivunjika nyonga mwezi wa Machi, shamba lake la masika litabaki pori. Kwa hiyo habari ya ngazi ni habari ya kilimo pia.

Sisi wa milima ya Usambara tunajenga katika mteremko. Tunachimba kilima, tunasawazisha kiwanja, tunasimamisha nyumba. Njia inabaki chini na baraza linabaki juu. Katikati tunaweka ngazi za mawe au za zege. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hunyesha na ukungu hushuka. Vipandio huota ukoga wa kijani, navyo huteleza. Mama anashuka na tenga la kabichi kichwani na mtoto mgongoni. Mkono mmoja umeshika tenga. Mkono wa pili umeshika nini? Katika nyumba nyingi haushiki kitu.

Siku hizi kuweka vyuma kwenye ngazi si jambo gumu kama zamani. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo umeme umefika katika vijiji vingi. Pamoja na umeme wamekuja mafundi wa kuchomelea vyuma. Baada ya kuuza mazao, watu wanaweka mageti, madirisha na vyuma vya ngazi. Hayo ni maendeleo.

Lakini vyuma vingi vinawekwa kwa ajili ya pambo. Vina maua na duara za kupendeza, lakini ukivishika vinatikisika. Au nafasi zake ni pana, mtoto anapita. Chuma cha namna hiyo ni hatari kuliko kukosa chuma. Mtu asiye na cha kushika hushuka polepole. Mtu mwenye chuma hukiegemea kwa uzito wake wote. Kikimwacha, anaanguka vibaya.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma namba. Usimwambie fundi, "Niwekee kama za jirani." Andika vipimo kwenye karatasi, umpe. Vipimo vyenyewe ni hivi.

1. TAZAMA NGAZI KWANZA
Chuma hakiponyi ngazi mbaya. Pima kimo cha kila kipandio. Kiwe kati ya sentimita 15 na 18. Vipandio vyote viwe na kimo kimoja. Mguu huzoea kimo cha kipandio cha kwanza. Kimoja kikizidi, mtu hujikwaa. Mahali pa kukanyaga pawe na sentimita 25 hadi 30. Ukishaweka vyuma, njia ibaki na upana wa sentimita 90 au zaidi. Kumbuka kwamba kuna siku mgonjwa atapitishwa hapo kwa machela.

2. BOMBA LA KUSHIKA
Bomba la juu ndilo linaloshikwa na mkono. Liwe la mviringo, la inchi moja na nusu. Vidole vilizunguke vizuri. Chuma kipana hakishikiki, hasa kikiwa na maji ya mvua. Pima kutoka ukingo wa mbele wa kipandio kwenda juu moja kwa moja. Kimo kiwe sentimita 90. Pembeni mwa baraza lenyewe pandisha hadi sentimita 100 au zaidi, maana huko watu huegemea.

Bomba lisikatike njiani. Lianze kabla ya kipandio cha kwanza na lipite kipandio cha mwisho. Ncha zake zipindwe chini. Ncha iliyochomoza hunasa kanga na mpini wa ndoo, nayo humwangusha mtu yule yule inayotaka kumsaidia. Upande wenye ukuta, acha sentimita 5 kati ya bomba na ukuta ili vidole visichubuke.

3. NONDO ZA KUSIMAMA
Chini ya bomba huwekwa nondo za kusimama. Kazi yake ni kuzuia watoto. Hapa ndipo penye makosa mengi.

Nafasi kati ya nondo na nondo isifike sentimita 10. Kwa nini? Mtoto mdogo hutanguliza miguu. Mwili wake ni mwembamba, unapita. Kichwa ni kikubwa, hakipiti. Basi mtoto huning'inia kwa shingo. Mama yuko jikoni, hana habari.

Tufanye hesabu. Ngazi ina vipandio 8. Kila kipandio kina sentimita 28 za kukanyaga. Tunatumia nondo za milimita 12.
Ukiweka nondo 1 kwa kila kipandio, nafasi ni karibu sentimita 27. Mtoto anapita mzima mzima.
Ukiweka nondo 2, nafasi ni karibu sentimita 13. Bado ni hatari.
Ukiweka nondo 3, nafasi ni kama sentimita 8. Hapo ni salama.
Kwa hiyo vipandio 8 vinataka vipande 24. Tuseme kila kipande kina sentimita 80. Nondo moja ya mita 12 itatoa vipande 14, na kidogo kitaliwa na msumeno. Nunua nondo 2. Utapata vipande 28. Vinne vitabaki.

Kama huna utepe wa kupimia siku ya kukagua, kata kijiti cha sentimita 10. Kilaze kati ya nondo mbili. Kikipita, mwambie fundi arudie.

Nondo zisimame. Zisilazwe kama reli. Zikilazwa, mtoto huzipanda kama anavyopanda mti. Chini ya nondo weka chuma bapa kinachofuata mteremko wa ngazi. Kisiache nafasi kubwa juu ya kingo za vipandio. Sentimita 5 zinatosha.

4. MIGUU YA CHUMA
Nguvu yote iko kwenye miguu. Kwa ngazi yetu ya vipandio 8, weka miguu 3: mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Chimba shimo kando ya ngazi, lenye kina cha sentimita 45 au zaidi. Chomelea kipande cha nondo kwa kukingama chini ya mguu, ili usichomoke. Jaza zege: ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga, ndoo 4 za kokoto. Juu ya zege fanya mwinuko kidogo kuuzunguka mguu, maji yakimbie. Chuma huoza pale kinapotoka ardhini, kwa sababu maji hutuama hapo. Ziba pia midomo ya mabomba, mvua isiingie ndani.

Mwagilia zege kwa siku 7. Mtu asiuguse mguu. Baada ya siku hizo fundi aje achomelee bomba na nondo.

5. SIKU YA KUCHOMELEA
Waondoe watoto. Mwanga wa kuchomelea huumiza macho, hata ya anayetazama kwa mbali kidogo. Ondoa majani makavu na vyombo vya mafuta. Fundi avae kinyago chake cha kuchomelea. Kama bomba limepakwa zinki, kama mabomba mengi ya maji, asugue zinki pale atakapochomelea, na akae upande unaotoka upepo. Moshi wa zinki huleta homa.

Akimaliza, pitisha kitambaa juu ya chuma chote. Kitambaa kikinasa, pana ncha kali. Pasuguliwe kwa tupa.

6. RANGI
Sugua kutu kwa brashi ya waya. Siku hiyo hiyo paka rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, hasa mahali palipochomelewa. Kisha paka rangi ya mafuta. Usipake chuma kikiwa na umande. Kila mwaka, mwezi wa Februari, kabla ya masika, kagua miguu na upake tena palipobanduka. Siku hiyo hiyo sugua ukoga kwenye vipandio.

7. JARIBU KABLA YA KULIPA
Usimalize malipo kabla ya kujaribu. Waite watu wazima wawili. Wasukume bomba kwa nguvu kuelekea nje, kisha walivute. Lisitikisike hata kidogo. Fundi mwema hakasiriki akijaribiwa kazi yake.

SWALI LA MSOMAJI
Ndugu mmoja ameuliza: "Mimi sina fedha za vyuma. Nifanye nini?"

Ndugu yangu, usingoje. Mti mgumu, ulionyooka na kupigwa randa vizuri, ni mkono mwema wa ngazi. Tumia vipimo vile vile. Nguzo zichimbiwe sawasawa. Zikague kila mwaka, maana mchwa hawana likizo. Mti uliosimama imara ni bora kuliko chuma kinachotikisika. Kama fedha ni kidogo sana, weka upande mmoja tu, ule wenye shimo. Mkono uje kwanza. Pambo litafuata mavuno yajayo.

MANENO YA KUKUMBUKA
Kipandio: mahali pa kukanyaga katika ngazi.
Bomba la kushika: chuma cha juu kinachofuatwa na mkono.
Nondo za kusimama: vyuma vinavyozuia watoto wasipite.
Kukingama: kulala kwa kukata njia ya kitu kingine.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini nafasi kati ya nondo isifike sentimita 10?
2. Ngazi ina vipandio 6. Kila kimoja kina nondo 3. Vinatakiwa vipande vingapi?
3. Nenda upime ngazi ya nyumbani kwako. Andika kimo cha kila kipandio. Je, vyote ni sawa?
4. Nani katika nyumba yako hupanda ngazi kwa shida? Amewahi kuulizwa anataka kushika wapi?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za maharage zisiliwe na wadudu.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba