Usimngoje Somo Siku ya Harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, ndipo tunapokumbuka kuwa tuna mabibi. Biharusi anatafutiwa somo, liwa inasagwa kwenye msio, asumini zinatungwa. Bibi anaulizwa yote: singo inachanganywaje, ulimi unazuiwaje siku ya hasira. Walima ukishapita, bibi anarudi barazani kwake peke yake.

Tuseme kweli: hiyo si haki.

Pemba ya leo ina wanachuo wengi wa kike. Wapo wanaosoma kampasi ya SUZA Mchanga Mdogo, wapo wa vyuo vingine, na wengi wamepanga vyumba mbali na kwao. Limbani, Wete, kuna nyumba ya wazee. Na mitaani wapo mabibi ambao watoto wao wako Unguja, Dar es Salaam au Maskati.

Rai yangu ni hii: wanachuo wawili wawili wachukue bibi mmoja, saa moja kila wiki baada ya alasiri. Hapahitajiki jumuiya wala fulana. Msomeeni karatasi ya hospitali, mpangieni dawa zake, msindikizeni kufuatilia pencheni jamii, ambayo tangu 2016 wanalipwa wazee wa Zanzibar waliotimiza miaka 70. Msimu wa karafuu, kaeni naye mkekani mchambue makonyo. Mazungumzo yatakuja yenyewe.

Mtasema masomo ni mengi. Ni kweli, lakini saa hiyo moja tunaimaliza kwenye simu bila kujijua. Wengine watasema watatuma pesa. Tumeni, Allah awalipe. Ila pesa hununua mchele. Hazimuulizi mtu ameamkaje. Na Mtume (S.A.W.) alituusia mambo mawili pamoja: kuwahurumia wadogo na kuwaheshimu wakubwa. Mwanachuo aliye mbali na mama yake naye anahitaji wa kumwambia, "Umekula, mwanangu?"

Sharti langu ni moja: simu ibaki mkobani. Ukimpiga picha bibi wa watu kitandani, kisha ukairusha kwenye makundi, hapo umemvunjia sitara yake, na sadaka yako umeitia maji.

Nawe biharusi mtarajiwa, mzoee bibi tangu leo. Siku yako ikifika, hatakufunda kama mgeni aliyekodiwa. Atakufunda kama mjukuu wake, na dua atakayokuombea itatoka moyoni.

Wabillahi tawfiq.